Wangapi kati ya wangapi? Dhana potofu za takwimu katika uuguzi

Muuguzi wa Kisumu hahitaji kwenda mbali kutafuta utafiti wa kujifunzia. Jaribio mojawapo lililobadilisha sera ya afya duniani lilifanyika papa hapa mjini, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2007. Wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa kura: kundi moja likatahiriwa mapema, lingine likasubiri, kisha wote wakafuatiliwa kuona nani ataambukizwa VVU. Mara kwa mara nasikia wenzangu wakiyataja matokeo hayo visivyo, na makosa yenyewe ndiyo yaleyale tunayoyafanya tukisoma utafiti wowote.

Dhana: Tohara inapunguza maambukizi kwa asilimia 53, basi kati ya wanaume 100 wanaotahiriwa, 53 wamenusurika.

Sivyo. Baada ya miaka 2, makadirio ya walioambukizwa yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliotahiriwa na asilimia 4.2 kwa waliosubiri. Hilo ndilo punguzo la takriban nusu linalotangazwa. Lakini tofauti yenyewe, ukiihesabu kwa vichwa vya watu, ni wanaume 2 katika kila 100. Ukiigeuza hesabu hiyo, unapata kwamba wanaume 48 hivi hutahiriwa ili kuzuia ambukizo moja katika miaka hiyo 2.

Hesabu zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina kazi yake. Kwa wizara inayopanga huduma kwa kaunti nzima za kando ya ziwa, watu 2 katika kila 100 ni maelfu ya watu. Kwa mwanamume mmoja aliyeketi mbele yako kliniki, mambo ni mengine. Atakuuliza: "Sista, si umesema inakinga nusu? Kondomu ya nini tena?" Usimrushie asilimia. Mwambie: "Ndugu yangu, katika jaribio lililofanywa hapa Kisumu, kati ya kila wanaume 100 waliotahiriwa, kama wawili waliambukizwa ndani ya miaka miwili. Hakuna aliyejua mapema watakuwa akina nani." Hapo mtaongea lugha moja.

Kwa hiyo ukikutana na sentensi "inapunguza kwa asilimia fulani," usiimeze kabla hujauliza: wangapi kati ya wangapi? Dawa inayopunguza hatari kwa nusu kutoka watu 40 hadi 20 katika kila 100 si sawa na inayopunguza kutoka 2 hadi 1 katika kila 10,000, ingawa kichwa cha habari kitasema "nusu" kote kuwili.

Dhana: Thamani ya p ikiwa chini ya 0.05, imethibitika kwamba tiba inafanya kazi, tena vizuri.

Katika jaribio la Kisumu thamani ya p ilikuwa 0.0065. Maana yake ni hii: kama tohara isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kama ile au kuizidi ingetokea kwa bahati tu kama mara 65 katika majaribio 10,000 ya namna hiyo. Basi. Haisemi uwezekano kwamba tiba ni nzuri, wala haisemi manufaa ni makubwa kiasi gani. Ukichukua sampuli kubwa mno, hata tofauti ndogo isiyomsaidia mgonjwa yeyote itapata p ndogo. Mpaka wa 0.05 wenyewe ni mazoea yaliyoenezwa na mwanatakwimu Ronald Fisher tangu 1925.

Tena jaribio hilo halikusimama peke yake. Lile la Orange Farm, Afrika Kusini, na lile la Rakai, Uganda, yalielekea upande uleule, na ndipo Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara mwezi Machi 2007. Utafiti mmoja, hata uwe na p ya kupendeza vipi, usikufanye ubadilishe utaratibu wa wodi kesho asubuhi.

Dhana: Matokeo yakikosa p ya 0.05, hakuna tofauti.

Pemba walijaribu kupaka vitovu vya watoto wachanga klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, matokeo yakatoka 2016. Vifo vilikuwa 10.5 katika kila watoto 1,000 waliopakwa, na 11.7 kwa wale ambao vitovu vyao viliachwa vikavu. Masafa ya uhakika, yaani upeo ambamo uwiano wa vifo vya makundi hayo mawili huenda umo (1 ikimaanisha hakuna tofauti), yalianzia 0.74 hadi 1.09: huenda dawa ilipunguza vifo kwa hadi asilimia 26, na huenda iliviongeza kwa asilimia 9. Kusema "haikufaa" ni kuyapa matokeo hayo kauli ambayo hayakuitoa. Kila mara soma ncha zote mbili za masafa hayo, kisha jiulize kama ungefanya uamuzi uleule kwenye kila ncha.

Dhana: Uzoefu wangu wa wodini unatosha.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa inasemwa na wauguzi hodari. Mtoto analetwa ana homa kali, mikono baridi, amelegea. Kwa miaka mingi tulifundishwa kummiminia maji ya dripu haraka, na tulimwona akichangamka. Jaribio la FEAST, lililochapishwa 2011, liliwahusisha watoto 3,141 wa namna hiyo Kenya, Uganda na Tanzania, na kituo kimojawapo kilikuwa Mbale, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu. Saa ya kwanza, waliomiminiwa maji walionekana kupata nafuu zaidi. Baada ya saa 48, kati ya kila 100 waliomiminiwa walikuwa wamekufa kama 10 au 11. Kati ya wasiomiminiwa, 7. Macho yetu hayakudanganya kuhusu ile nafuu, ila hayakuwa na kundi la kulinganisha, na zamu iliisha kabla ya saa 48.

Hapohapo uangalie nani hakuwemo. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Anayetumia FEAST kumnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuhara amesoma kichwa cha makala akaacha jedwali.

Dhana: Wastani unaeleza hali ya wodi.

Wagonjwa watano walilazwa siku 2, 2, 3, 3 na 40. Wastani ni siku 10, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa 10. Thamani ya katikati ni 3. Tumia hiyo.

Dhana: Utafiti ni kazi ya maprofesa.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua. Pale ambapo damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama na matibabu yote kutolewa kwa pamoja, kutokwa na damu kupita kiasi kuligunduliwa katika asilimia 93 ya visa. Katika huduma ya kawaida, asilimia 51. Waliosimama kando ya vitanda wakiisoma mifuko ile wengi wao walikuwa wakunga na wauguzi.

Na kama kikwazo ni pesa za kulipia majarida, PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, hutafutwa bure, na mamilioni ya makala kamili yamo PubMed Central bila malipo. Chagua moja inayohusu wagonjwa wa wodi yako. Ruka muhtasari, fungua jedwali la matokeo, tafuta namba mbili: walioumwa na waliokuwemo, kwa kila kundi. Piga hesabu mwenyewe kwa simu, halafu ndipo usome waandishi wanasemaje.