Vichwa vitatu vya risasi kutoka kwa nyati

Nina kopo la kahawa ambalo ndani yake hamna kahawa. Mna vichwa vya risasi tulivyovitoa kwenye nyama wakati wa kuchuna. Wageni wakianza kubishana kambini ni bunduki ya nani kubwa zaidi, nalimwaga mezani.

Leo nachagua vitatu, vyote vya .375 H&H, bunduki ya kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza (namba hudokeza upana wa mtutu kwa inchi) iliyoingia sokoni mwaka 1912 na bado ndiyo mama wa uwindaji wa nyati. Vyote vilitoka mtutuni vikiwa na greni 300, yaani gramu 19 na ushee.

Cha kwanza ni cha kawaida: madini ya risasi ndani, gamba jembamba la shaba nje. Sasa gamba limejikunja kama ganda la karanga, na mizani inasoma gramu 9. Kiligonga mfupa wa bega kikasambaratika kabla ya mapafu. Yule dume tulimfuata tangu saa tatu asubuhi mpaka jua linainama, kwenye miiba usikoona hatua kumi mbele yako. Mtafuta nyayo wangu hakusema neno siku nzima.

Cha pili kina ukuta wa shaba katikati. Mbele hutanuka kama uyoga, nyuma hubaki kizima na kuendelea kusukuma. Aliyekibuni ni John Nosler, Mmarekani, baada ya risasi zake kushindwa kumwangusha moose, kulungu wa Kanada mwenye mwili kama pofu, mwaka 1946. Changu kimebaki gramu 13. Si haba.

Cha tatu ni shaba tupu. Kiswahili hapa kinanichekesha: ni risasi isiyo na risasi. Kimefunguka petali nne, uzito karibu wote upo. Kilivunja bega, kikapita mapafu yote mawili, tukakikuta chini ya ngozi ya upande wa pili.

Bunduki ileile, mbio zilezile za mita 770 hivi kwa sekunde, nguvu ileile ya jouli 5,700 hivi. Ndiyo maana mtu akinitajia jouli za .458 yake, bunduki kubwa kuliko hii, huwa naendelea kunywa chai. Jouli hazisemi zitatumika wapi. Kichwa kikipasuka begani, zote zimeishia kwenye nyama ya bega. Bell, yule Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia sana .275, bunduki ambayo leo tungeiona ya swala. Lakini kichwa cha risasi yake kilikuwa kigumu, hakikupinda, na yeye alijua ubongo wa tembo ulipo. Simshauri mtu amwige.

Basi tupige risasi ngumu tu, zisizotanuka? Kwa tembo na kiboko, sawa. Kwa nyati aliye kundini, hapana: ngumu humpita ikatoka upande wa pili na kumjeruhi jike aliyesimama nyuma, nawe una wanyama wawili wa kufuata. Mimi risasi ya kwanza, ile ya kwenye chemba, ni shaba inayotanuka, na zilizo chini yake kwenye magazini ni ngumu. Nyati akishajeruhiwa hukupa matako akikimbia, na kutoka matakoni hadi moyoni kuna tumbo zima limejaa majani mabichi. Hapo risasi laini, inayotanuka, haifiki.

Jambo moja wageni wengi hulisahau. Aina mbili za uzito sawa hazilazimiki kupiga mahali pamoja. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa chake hurefushwa ili kifikie greni zilezile, na mtutu unaweza kukipeleka kwingine. Mgeni mmoja alirekebisha darubini ya bunduki nyumbani kwao kwa risasi za bei nafuu, akaja na shaba kwa ajili ya nyati. Kwenye karatasi yetu ya shabaha ya mita 100 zilipishana upana wa kiganja. Tulikesha tukirekebisha, na nyati tukamwona kesho yake saa moja asubuhi.