NT-proBNP kubwa haijathibitisha kwamba moyo umeshindwa

Imekuja tena barua ya rufaa yenye mstari mmoja: "NT-proBNP 620, moyo umeshindwa kufanya kazi." Umri haujaandikwa, figo hazijatajwa, mapigo hayajulikani. Jamani, kipimo hiki cha damu kipo kwenye huduma ya msingi hasa ili kuuondoa ugonjwa kwenye orodha. Kuuthibitisha ni kazi ya eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Kuta za ventrikali, vyumba vya moyo vinavyosukuma damu, zikivutwa, seli zake hutoa protini iitwayo proBNP, nayo hukatika vipande viwili: BNP na NT-proBNP. Namba inakueleza kwamba kuta zinavutwa, haikuelezi kinachozivuta. Mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kupiga ovyo, peke yake unaipandisha. Figo zikidhoofu inapanda, umri ukisogea inapanda, damu ikiganda kwenye mapafu inapanda. Mzee wa miaka 82 mwenye mpapatiko anaweza kuwa na 620 na moyo wake haujashindwa.

Kinachoniumiza zaidi ni kosa la upande wa pili, maana hilo halipigi kelele. Mgonjwa mnene namba yake huwa ndogo kuliko hali halisi ya moyo. Aliyekwisha kuanzishiwa dawa za kuongeza mkojo naye namba yake hushuka. Basi mtu anahema akipanda ngazi, hawezi kulala bila kuinuliwa na mito, miguu imevimba, kipimo kinasoma 110, na anarudishwa nyumbani kwa maneno kwamba moyo wake ni mzima! Moyo unaosukuma vizuri lakini umekakamaa, haujai sawasawa, unaweza kabisa kutoa namba ya kawaida. Dalili zikisema hivyo, mpelekeni eko.

Mpaka wa kumpeleka mgonjwa eko uwe wapi? Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unaweka pikogramu 125 kwa mililita kwa asiye wa dharura. Uingereza wanatumia 400. Mwenye 250 huku anapata eko, kule hapati, na mwili ni uleule. Mpaka wa chini unajaza foleni, wa juu unaacha wagonjwa nje. Sijaona jibu lisilo na hasara. Mgonjwa akiwa mnene, au amewahi kupata shambulio la moyo, mimi nafuata 125. Ikizidi 2000, Uingereza wanataka aonwe na mtaalamu ndani ya wiki 2, na hapo sina ubishi.

Anayetumia dawa ya moyo ya sacubitril na valsartan apimwe NT-proBNP, si BNP: sacubitril huzuia kimeng'enya kinachoivunja BNP, hivyo BNP hupanda kwa sababu ya dawa. Na kwenye rufaa andikeni uzito, kreatinini (kipimo cha figo) na majibu ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo).