Kelele za maiki ya laptopu ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akilalamika kwamba sauti yake kwenye mikutano ya mtandaoni inakuja na mvumo, ushauri humiminika: pakua programu hii, pandisha kile, nunua maiki nyingine. Ni nadra aulizwe swali la kwanza, yaani ni kelele gani hasa. Feni, umeme, mwangwi wa chumba na mchakacho wa vifaa vya ndani ni mambo manne tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, rekodi sekunde kumi za ukimya ukiwa umekaa kama unavyokaa kila siku, kisha vaa hedifoni usikilize ukiwa umeongeza sauti. Mvumo kama wa upepo unaopanda na kushuka ni feni. Mlio mzito usiobadilika, mara nyingine ukiwa na vimlio vyembamba juu yake, ni umeme. "Shhh" laini iliyo sawa mwanzo hadi mwisho ni mchakacho wa vifaa uliokuzwa kupita kiasi. Rekodi tena ukiongea. Ukijisikia kama uko ndani ya pipa, hiyo si kelele, ni mwangwi.

Dhana: Maiki imezeeka, ndiyo maana ina kelele

Maiki iliyo ndani ya laptopu nyingi za zamani ni ya aina ya elektreti, teknolojia iliyobuniwa mwaka 1962 na Gerhard Sessler na James West katika maabara ya Bell nchini Marekani. Ndani yake mna utando wenye chaji ya umeme ya kudumu, na chaji hiyo hukaa miaka mingi sana. Maiki hizi hazichoki kirahisi.

Kinachochoka ni majirani zake. Vumbi hujaa kwenye mapezi ya kupoozea, pasta ya joto iliyo kati ya prosesa na kipoozeo hukauka, na feni ambayo zamani ilikuwa ikiamka mara mojamoja sasa inakimbia muda wote. Kama bado una diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kila sekunde, na mtikisiko wake husafiri kwenye bodi hadi kwenye maiki kama mvumo wa hezi 90. Kuweka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, huumaliza mvumo huo moja kwa moja, na mashine inakuwa nyepesi juu yake.

Feni isafishwe laptopu ikiwa imezimwa, na mapanga yake yashikwe yasizunguke unapopuliza hewa, maana yakizungushwa kwa kasi ya hewa ya kopo (iliyogandamizwa) yanaweza kuharibu beringi. Wakati wa mkutano, inua laptopu kidogo kwa nyuma ili ipumue, ufunge na vichupo vya kivinjari usivyovihitaji. Kwenye Windows kuna mbinu moja ninayoipenda: katika mipangilio ya kina ya matumizi ya umeme, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Ile moja tu huzuia prosesa nyingi kujirusha juu ya kasi yake ya kawaida, joto linashuka, na feni inanyamaza.

Dhana: Wasipokusikia vizuri, pandisha kiwango cha maiki

Hapa ndipo watu wengi hujiletea kelele kwa mikono yao wenyewe.

Maiki haijui ipi ni sauti yako na upi ni mvumo wa feni. Ukikuza, unakuza vyote. Laptopu nyingi za zamani zina kipimo cha kawaida cha 0 hadi 100, na chini yake kuna kingine cha busti, yaani ukuzaji wa ziada, chenye hatua za desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 10, 20 na 30. Busti ya desibeli 20 inazidisha mawimbi mara 10, na ya 30 mara 31 na ushee. Mchakacho mdogo wa saketi ambao hakuna angeusikia, ukizidishwa mara 31, unakuwa mvua ya mabati. Mtu huona busti iko juu kabisa na bado hasikiki, anaanza kutafuta programu, ilhali tatizo ni kwamba yuko mbali na maiki.

Umbali ndio wenye nguvu. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inaongezeka takriban desibeli 6, ilhali feni, ambayo haijasogea, inabaki palepale. Ukitoka sentimita 60 hadi 15, umepata desibeli 12 za sauti tupu, na sasa unaweza kuishusha busti kwa kiasi hichohicho. Mchakacho nao unashuka desibeli 12. Hakuna kitu kingine cha bure kinachofikia hapo. Najua kuinamia laptopu sentimita 15 muda wa mkutano mzima ni adha. Basi angalau tafuta tundu la maiki lilipo. Kuna laptopu zilizo nalo juu ya skrini kando ya kamera, na nyingine karibu na bawaba au kando ya kibodi, na watu hutumia mashine miaka bila kujua wanaongea upande upi. Tundu likiwa kando ya kibodi, kila herufi unayobonyeza inapita kwenye plastiki na kuingia humo; kibodi ya nje ya USB inasaidia kuliko kichujio chochote.

Anzia busti kwenye sifuri, weka kipimo cha kawaida karibu na 80, ongea kama kawaida, na upande hatua moja tu kama lazima. Ukiwa unarekodi, vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, ambapo 0 ndiyo kikomo, inatosha kabisa.

Angalia pia marekebisho ya kiotomatiki. Programu za mikutano nyingi hupandisha kiwango cha maiki zenyewe zinapoona kimya. Ndiyo sababu ya ile kelele inayovimba polepole ukinyamaza na kuzama ukianza kuongea. Ukiisikia, zima marekebisho hayo.

Dhana: Huo mlio ni wa maiki

Chomoa chaja. Ndiyo, hicho tu: rekodi ukiwa kwenye betri, kisha rekodi chaja ikiwa imechomekwa, ulinganishe. Mlio ukitoweka, chanzo ni umeme, na usihangaike na programu. Umeme wa ukutani huleta mvumo wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi, pamoja na vizidisho vyake, na chaja hafifu huongeza vimlio vyake vya juu. Jaribu soketi nyingine, chaja halisi badala ya ya kuigiza, au chomoa skrini ya nje na spika zilizounganishwa, maana nazo huleta njia ya pili ya umeme kurudi. Laptopu yenye betri nzima ina suluhisho jepesi: ichaji kabla, fanya mkutano ikiwa haijachomekwa.

Kuna wanaoshauri kukata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Usithubutu. Pini hiyo ipo ili kukulinda usipigwe na umeme.

Dhana: Programu ya kuondoa kelele huondoa kelele tu, haigusi sauti yako

Laiti. Mbinu ya msingi ilielezwa na mtafiti Steven Boll mwaka 1979: pima jinsi kelele ilivyo pale ambapo hakuna anayeongea, halafu itoe kwenye rekodi nzima, masafa kwa masafa. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, bado inakwenda kwa mtindo huo: unachagua kipande cha ukimya, inajifunza, kisha inasafisha. Kwa kelele isiyobadilika kama feni, matokeo ni mazuri. Kwa mlango unaobamizwa au mtoto anayelia haiwezi kitu, kwa sababu sauti hizo hazikuwemo kwenye kipande ilichojifunza.

Ukiibana sana, inakula na sauti yako. "S" na "f" zinafifia, miisho ya maneno inakatika, na nyuma yake vinabaki vilio vidogo vya kimetali vinavyoruka huku na huku. Kusafisha mara mbili kwa upole, desibeli 6 kila mara, mara nyingi husikika vizuri kuliko mara moja kwa nguvu.

Programu za kizazi kipya hutumia mitandao ya neva iliyofundishwa kutofautisha usemi na kelele. RNNoise ya Jean-Marc Valin ni nyepesi kiasi kwamba Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, inaiendesha bila taabu, kwa hiyo hata laptopu ya zamani inaimudu. Imo ndani ya OBS Studio, programu ya kurekodi na kurusha video, na NoiseTorch, kiondoa kelele cha Linux, imejengwa juu yake. Nyingine ni nzito, na hapo unapata kichekesho: prosesa inachemka kwa kazi ya kuondoa mvumo wa feni, feni inaongeza kasi, programu inafanya kazi zaidi. Tumia moja tu. Kichujio cha draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa), cha programu ya mkutano na cha tatu juu yake vikifanya kazi pamoja vinagombania sauti ileile, na kinachofika kwa msikilizaji ni maneno yaliyotafunwa.

Geti la kelele, lile linalofunga maiki ukinyamaza, halisafishi chochote. Linaficha kelele kwenye vituo tu. Ukiongea, inarudi pamoja nawe, na ule mruko kutoka kimya kuingia mvumo huudhi zaidi.

Dhana: Draiva mpya ndiyo bora siku zote

Mtu anaweka Windows upya, maiki inafanya kazi, lakini ina kelele kuliko zamani. Mara nyingi ni kwa sababu mfumo umeweka draiva ya jumla badala ya ile ya mtengenezaji wa laptopu. Mashine zenye matundu mawili ya maiki hutegemea draiva hiyo kulinganisha matundu yote mawili na kuelekeza usikivu mbele, ulipo. Tafuta draiva ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, hata kama ina umri wa miaka mingi.

Kwenye Linux kuna kisa cha ajabu kidogo: baadhi ya laptopu hutoa chaneli ya kulia ikiwa imepinduliwa, yaani mawimbi yake yakipanda ya kushoto yanashuka. Programu ikizichanganya kushoto na kulia kuwa moja, sauti yako inajifuta yenyewe na kubaki mchakacho. Nyamazisha chaneli moja, sauti inarudi.

Dhana: Trei za mayai ukutani, sponji kwenye tundu, biti 24

Trei za mayai hazizuii kelele, na hata mwangwi zinaupunguza kidogo mno. Pazia zito, kitanda na kabati la nguo lililo wazi hufanya zaidi, lakini ni kwa mwangwi tu. Feni iko sentimita chache kutoka kwenye maiki, na pazia halina la kuifanyia. Kuziba tundu kwa sponji au selotepu hufifisha sauti yako pia, kisha unapandisha busti. Na usipulize hewa ya kopo ndani ya tundu hilo, maana utando wa ndani ni mwembamba.

Kurekodi kwa biti 24 badala ya 16 nako hakuondoi kelele. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa na ndogo kabisa. Maiki hizi kwa kawaida hutoa tofauti ya takriban desibeli 60 kati ya sauti na mchakacho wake. Biti 24 zitakurekodia mchakacho huohuo kwa ufasaha zaidi.

Dhana: Hedifoni za Bluetooth zitamaliza tatizo

Zinaleta maiki karibu na mdomo, hiyo ni faida. Lakini laptopu ya zamani ikizitumia kwa maongezi huenda ikashuka kwenye mfumo wa simu wenye sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, ambao haubebi chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Mfumo mpya zaidi, wa sampuli 16,000, unafika hezi 8,000. Hedifoni za waya zenye maiki kwenye kamba hukuepusha na hayo yote.

Shida ni tundu lake. Laptopu za zamani mara nyingi zina matundu mawili, la kusikilizia na la maiki, ilhali plagi ya hedifoni hizo ina pete tatu na hubeba vyote. Utahitaji adapta ya kuvitenganisha, au kadi ndogo ya sauti ya USB, ambayo inakwepa kabisa saketi ya sauti ya laptopu. Ukishachomeka, ichague kwenye mipangilio ya mfumo na ndani ya programu ya mkutano pia, kisha gonga kidogo kando ya tundu la maiki ya laptopu. Ukisikia mlio wa kugonga huko kwenye rekodi, bado unatumia ile ya zamani.