Taya limekaza? Kanda msuli, kiungo kiache

Anayelalamika kwamba taya linamkaza, swali langu la kwanza kwake ni moja: sasa hivi meno yako yamegusana? Mara nyingi yamegusana na mwenyewe hana habari. Kama hutafuni wala humezi, meno ya juu na ya chini yanatakiwa kuachana milimita 2 au 3 hata midomo ikiwa imefungwa, na ulimi utulie kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Mbanguaji wa korosho aliyeinamia kazi tangu asubuhi, au bodaboda anayekwepa mashimo, anaweza kuuma meno saa nzima bila chakula mdomoni. Msuli hauwezi kupumzika namna hiyo.

Kabla ya kukanda, ujue unakanda nini. Weka vidole vitatu shavuni, kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya, kisha uma meno kidogo. Kinachotuna ni maseta, msuli mkubwa wa kutafunia. Sasa peleka kidole mbele kabisa ya tundu la sikio, fungua na ufunge mdomo. Kinachocheza hapo ni kiungo cha taya, na hapo usikandamize. Wengi hukosea hapa kwa sababu maumivu ya maseta husikika hadi sikioni, basi wanakifuata kiungo na kukiongezea uchungu.

Nawa mikono, kata kucha. Chovya taulo ndogo kwenye maji ya moto yasiyounguza, kamua, weka shavuni dakika 10 hadi 15, na ikipoa uchovye tena. Joto la Mtwara lisikudanganye: jasho la mchana halilegezi msuli huu, taulo ndiyo hulegeza. Mafuta ya nazi yatoshe matone 2 au 3, maana yakizidi vidole vinateleza na havishiki msuli.

Egemeza viwiko mezani, acha mdomo wazi kidogo. Anza chini ya mfupa wa shavu kwa vidole viwili, zungusha duara ndogo kwa sekunde 30, shuka upana wa kidole kimoja, rudia mpaka ufike kwenye pembe ya taya. Kama 10 ni maumivu yasiyovumilika, wewe ishia 4 au 5. Ukikuta kifundo kinachouma, acha kusugua; tulia juu yake sekunde 30 hadi 60 huku ukitoa pumzi taratibu, nacho kitalegea chini ya kidole. Ukibonyeza kwa hasira msuli hujikaza kujilinda, na kesho utaamka na shavu linalouma kuliko jana. Dakika 3 kila upande, mara 2 kwa siku, zinatosha.

Usisahau mapanja. Msuli wa hapo umetanda kama upepeo hadi juu ya sikio, na ndio mara nyingi huleta kichwa kuuma jioni. Uzungushie vidole bapa, bila mafuta. Chini ya ndewe la sikio na shingoni pembeni usiguse, pana neva na mishipa ya damu.

Kwa wiki 1 au 2 pumzisha taya: pweza, miwa, korosho za kukaanga na bigijii viwekwe kando, ugali laini na samaki wa mchuzi havina shida. Kama taya hukaza zaidi asubuhi, huenda unasaga meno usingizini. Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kikinga cha kuvaa usiku.

Shavu likivimba na homa ikapanda, huenda ni jambo la jino, usilikande. Taya likikaza siku chache baada ya kuchomwa na msumari au kujikata, inaweza kuwa pepopunda. Likiuma pamoja na kifua kubana, inaweza kuwa moyo. Kwa hayo mawili usisubiri kupambazuke, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe Ligula ya Mtwara au Sokoine kule Lindi.