Ikishapanda, inashukaje?

Mwezi uliopita, magharibi imeshaadhiniwa, nilipigiwa mlango hapa Jambiani. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna msichana anayetandika vitanda hotelini Paje. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mikono imemkunjika kifuani, vidole vimekakamaa na kuchongoka kama mdomo wa chuchunge. Midomo inamcheza. Simu iko mbele yake, na ndani ya simu mtu mwenye kilemba cheupe anapuliza pua haraka haraka bila kuchoka. Shangazi yake keshawasha ubani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kapandwa. Itizame hiyo mikono."

"Kapandwa na pumzi yake mwenyewe," nikamwambia.

Nilikaa nyuma ya msichana, kifua changu kikagusa mgongo wake ili asikie pumzi yangu inavyokwenda, nikamwomba avume kama nyuki, midomo imefungwa, mpaka hewa iishe. Kisha tena. Robo saa haikufika vidole vikaanza kuachia, kimoja kimoja, cha gumba mwisho. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Dada, kundalini imeamka?"

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha yoga na upumuaji hapa pwani ya mashariki. Swali lile la kundalini, nguvu inayosemwa kuwa imelala chini ya mgongo ikingoja kuamshwa, naulizwa kila wiki, na wageni na wenyeji, kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu.

Tuanze na mikono, maana hapo hakuna fumbo. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ile ya mtu wa kwenye simu, inayoitwa pumzi ya moto, hupigwa mara mbili au tatu kwa sekunde, tumbo likirudi ndani kwa ghafla na hewa ikitoka puani. Mzoefu anatoa hewa kidogo tu kila pigo. Mgeni wa zoezi anatumia kifua kizima, anaitoa kaboni dioksaidi haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Damu inapungukiwa asidi, kalsiamu iliyo huru ndani yake inashuka, neva za midomo na mikono zinakuwa na hamaki, vidole vinakakamaa. Mishipa ya damu ya ubongo nayo inajibana, ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi na mtu anaona vimulimuli. Anayemkimbilia mgonjwa na mfuko wa karatasi apumulie humo namwomba auache: kama kumbe tatizo lilikuwa pumu au moyo, unamzidishia.

Lakini Bi Mkubwa hakukosea neno. Kiswahili chetu kinasema pepo hupanda kichwani, na aliyepandwa ni kiti chake. Anayeijua kazi hiyo hasifiwi kwa kupandisha, kwa sababu ngoma na ubani peke yake hupandisha. Anasifiwa kwa kumsemesha aliyepanda, kumpa chake na kumshusha, mtu akazinduka akaomba maji. Sisemi kundalini ni pepo. Nasema watu wa visiwa hivi walikwisha kujua swali la kumuuliza mwalimu yeyote wa nguvu za ndani, na swali hilo nimelitumia kuzipima njia zote nilizozipitia: inashukaje?

Kundalini ni neno la Kisanskriti, limetoka kwenye kundala, yaani pete au kitu kilichoviringwa. Maandiko ya hatha, yoga ya mwili na pumzi, ya karne ya 15 yanaieleza kama nyoka aliyelala chini kabisa ya uti wa mgongo, kajizungusha mara tatu na nusu. Kuna mifereji mitatu: ida kushoto, pingala kulia, sushumna katikati. Kazi ya pumzi, na ya kubana msuli wa chini, tumbo na koo, ni kuifunga ile ya pembeni ili nguvu ilazimike kuingia mfereji wa kati na kupanda, kituo hadi kituo, mpaka utosini. Vituo hivyo ndivyo chakra. Zile rangi saba za upinde wa mvua mnazoziona kwenye mabango ya hoteli ni mapambo ya Magharibi ya karne ya 20. Andiko la Kisanskriti kutoka Bengal la mwaka 1577, ambalo Wazungu wengi walilijua baada ya jaji mmoja wa Calcutta kulitafsiri mwaka 1919, linaweka mraba wa manjano katika chakra ya chini, wala si duara jekundu. Na mtindo wa nguo nyeupe na kilemba kama ule wa kwenye simu ulianza kufundishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na Yogi Bhajan. Una miaka kama sitini, si elfu tano.

Angalia mwelekeo wake: juu, juu, juu. Maandiko ya zamani yanataja kurudi chini, lakini yalikuwa ya mwanafunzi anayekaa na mwalimu wake miaka. Kilichofika kwenye simu ni nusu ya safari.

Najua kwa sababu yalinikuta. Nilipokuwa mafunzoni India nilipewa zoezi moja la siku 40. Siku ya 11 joto lilianza kwenye fupanyonga likakwea mgongoni kama mtu ananipaka pilipili kwa unyoya. Vizuri, nikajiambia, ndiyo hiyo. Usiku wa tatu bila usingizi nilikuwa nasikia moyo wangu unapiga ndani ya meno. Mwalimu wangu alijibu neno moja: endelea, unatakaswa. Niliacha siku ya 17, kwa aibu, na bado sikulala vizuri kwa miezi.

Aliyenisaidia nilimkuta hapa hapa Unguja. Madaktari wa Kichina wanakuja Zanzibar tangu 1964, na wazee wengi wanazijua sindano zao. Huyo wangu alikuwa na Kiswahili cha maneno hamsini. Alinishika mkono akasikiliza mshipa muda mrefu, akanichoma sindano moja katikati ya unyayo, akasema: "Moto juu. Teremsha." Baadaye alinionyesha njia ya duara ndogo: umakini unapanda mgongoni, unapita utosini, ncha ya ulimi imegusa kaakaa kama daraja, kisha unateremka usoni, kifuani, mpaka chini ya kitovu, mahali wanapopaita dantian. Unaumalizia hapo kila siku, bila kukosa, mikono juu ya tumbo. Unyayo una jukumu lake pia, maana wanasema chi, yaani nguvu ya ndani, ikizidi hutoka kupitia pale, mahali wanapopaita chemchemi.

Wachina hawakufika kwenye uangalifu huo bila kuungua. Wana msemo wa mtu aliyekosea mazoezi: moto umemkimbia, shetani kamwingia. (Nilipomtafsiria Bi Mkubwa alitikisa kichwa tu, kama mtu anayesikia habari ya jirani.) Miaka ya 1980 qigong, mazoezi yao ya pumzi na chi, ilipoenea katika bustani za miji yao, hospitali zilianza kupokea watu wanaosikia sauti na wasiolala, na mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliorodhesha tatizo hilo kwa jina lake.

Watibeti wana tummo, moto wa ndani. Kwa mbali inafanana na kundalini: mfereji wa kati, moto chini ya kitovu, pumzi iliyozuiwa tumboni kama maji ndani ya mtungi. Ila moto ukikwea, unayeyusha kitu cheupe utosini nacho kinadondoka chini, tone kwa tone. Safari ya kushuka imo ndani ya zoezi lenyewe. Hii ndiyo njia iliyopimwa vizuri zaidi kwa kipimajoto. Daktari wa Marekani Herbert Benson na wenzake walichapisha mwaka 1982 kwamba vidole vya watawa watatu viliongezeka joto kwa hadi nyuzi 8.3 za Selsiasi, na utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ile pumzi ya mtungi ndiyo inayopandisha joto la mwili, picha ya moto akilini ikisaidia kulidumisha. Hapa Jambiani, mwezi wa pili, kaskazi limekatika, sijapata mwanafunzi aliyeomba kuongezewa joto.

Reiki, tiba ya kuwekewa mikono, wanayouziwa wageni kwenye mahema ya ufukweni naipita. Hapo kinachofanya kazi naona ni mikono na utulivu.

Ya kwetu naiendea kwa adabu. Tarika ya Qadiriya ilipata nguvu Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kwa Sheikh Uways wa Barawa, na nikiwa mdogo tulikuwa tunachungulia dirishani wajomba wakipiga zikri. Wamesimama duara, wameshikana mikono, wanainama na kuinuka, jina la Mungu linaanza kwa utaratibu, linaharakishwa, mpaka herufi zinapotea inabaki pumzi ya kifuani. Wengine wakiiita zikri ya kukohoa, na masheikh waligombana sana juu yake. Pumzi ile ni ya kasi kama ya kwenye simu. Kwa nini basi vidole vya mjomba havikukakamaa? Mwili mzima unafanya kazi, misuli inatengeneza hewa ile ile anayoitoa. Na katikati yuko khalifa. Anamwona anayezidi, anamshika bega. Akitoa ishara, duara zima linakata kwa pamoja, wanakaa, inasomwa dua polepole, halafu kahawa na halua. Mteremko huo una mpangilio kuliko studio yoyote niliyoingia.

Ukimwambia mwenye zikri kwamba anafanya "mazoezi ya nishati" atakucheka, na haki anayo. Anamkumbuka Mola wake. Hata masufi walioandika kuhusu latifa, yaani vituo vya kiroho ndani ya mwili, hasa wa tarika ya Naqshbandiya, hawaanzii mkiani mwa uti wa mgongo. Wanaanzia kalbu, vidole viwili chini ya ziwa la kushoto. Hukumu ya kuchanganya njia hizi muulizeni mwanachuoni. Mimi ni wa mgongo na pumzi.

Na kwa upande wa pumzi, mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu 23 wakisoma rozari kwa Kilatini, kisha mantra ya Kibuddha. Zote mbili ziliteremsha upumuaji mpaka kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakatulia katika mpangilio mmoja. Nimemhesabia saa mama yangu akivuta uradi baada ya alfajiri. Sita, pengine saba.

Kwa hiyo wanaokuja kwangu na kiu ya kundalini siwafukuzi. Mjamzito, mwenye presha, kifafa, au aliyewahi kuugua akili, pumzi ya kasi simpi kabisa. Wengine wanaanza na kushuka. Babu yangu hakumwachia mtoto atweke tanga la ngalawa kabla hajajua kulitua upepo ukibadilika, nami nafanya hivyo hivyo: wiki sita za duara ndogo na pumzi ndefu, ndipo tunazungumza habari za kupanda.

Msichana wangu yuko wiki ya nne. Analala chali, kifuu kikavu juu ya tumbo, kazi yake ni kukipandisha na kukishusha bila kukiangusha. Jumapili shangazi yake alikuja kumtazama, akasema huo ni mchezo wa watoto, akajitandikia mkeka pembeni na kuniomba kifuu cha pili. Pumzi ya kumi hakuifikisha, alikuwa anakoroma.