Mwenzako anakohoa kazini: maswali na majibu

Ni mafua tu. Kuna ubaya gani nikienda kazini?

"Tu" ni kwako. Jirani yako wa meza ya pili huenda ana mimba, pumu au kisukari. Mwenye homa ya mafua huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajihisi mgonjwa, kisha huendelea siku 5 hadi 7, na zile 3 za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Baki nyumbani mpaka homa ikate kwa saa 24 bila dawa ya kuishusha. Ukimeza paracetamoli alfajiri na saa 2 ukafika kazini umechangamka, homa imejificha tu, haijaondoka. Kama uliharisha au kutapika, hesabu saa 48 tangu hali ilipokoma, hasa ukiwa mtu wa jikoni.

Na nikikatwa mshahara wa siku hiyo?

Hapo ndipo masharti yote ya usafi huvunjika, na simlaumu mfanyakazi. Anayejua atakatwa atakuja hata akitetemeka. Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi kazini. Hata kwa hesabu ya mfukoni tu, kumlipa mmoja alale siku 3 ni nafuu kuliko kukosa watano wiki ijayo.

Kitakasa mikono kipo mlangoni. Hakitoshi?

Kinasaidia kikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 60 na mikono haina tope wala mafuta. Lakini norovirusi, ambayo huleta kutapika na kuhara, haitishwi sana na alkoholi. Hiyo inataka sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha.

Halafu tazama kitakasa kimewekwa wapi. Mtu anajipaka, anapiga hatua mbili, anashika kalamu ya daftari la mahudhurio iliyofungwa kwa kamba, ile ambayo aliyemtangulia alikuwa akiitafuna akikumbuka tarehe. Kihamishieni baada ya kalamu.

Madirisha yana umuhimu gani? Feni tunazo.

Feni huzungusha hewa ileile mliyokwisha kuivuta. Viyoyozi vingi vya ukutani navyo hupoza hewa ya ndani bila kuleta mpya. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kifua kikuu pia husafiri kwa hewa. Fungueni madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, asiachwe na dawa za kikohozi.

Barakoa je?

Ya upasuaji hasa huzuia matone ya aliyeivaa. N95, ile nene ya kuchuja hewa, humkinga mvaaji ikiwa imebana uso. Penye ndevu huvuja.

Tunapuliza dawa mezani na kuifuta papo hapo. Ni sawa?

Mnapoteza dawa. Ondoeni uchafu kwanza kwa sabuni, kwa kuwa dawa ya klorini huishiwa nguvu kwenye uchafu. Kisha pakeni dawa na muiache ikiwa mbichi kwa dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko. Wala msichanganye klorini na siki, asidi ya kusafishia choo au amonia ili "iwe kali": inayotoka hapo ni gesi ya kuunguza mapafu, na msafishaji ndiye wa kwanza kuivuta.