Kabla mtaji haujatoka mkononi: dhana potofu kuhusu maktaba na biashara ndogo Dodoma

Maandiko ya miradi ya vikundi vinavyoomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huwa na kipengele kimoja dhaifu kuliko vyote: soko. Bei ya mashine imeandikwa hadi shilingi ya mwisho, kodi ya fremu ipo, majina ya wanakikundi yapo. Ukifika kwenye soko unakuta mstari mmoja: "Soko lipo kwa kuwa wakazi wa Dodoma wameongezeka sana."

Ni kweli wameongezeka. Lakini ni wangapi, wako kata gani, wana umri gani, na bidhaa unayotaka kuwauzia inapanda na kushuka bei miezi ipi? Majibu ya maswali hayo yapo, mengi ni ya bure, na mengine yamehifadhiwa hapa hapa mjini. Inaniuma kuona watu wanakopa, wananunua mashine, kisha wanajifunza kwa hasara jambo lililokuwa limechapishwa miaka kadhaa nyuma. Kinachowazuia kulisoma si uvivu. Ni maneno tuliyozoea kuambiana kuhusu maktaba.

"Maktaba ni ya wanafunzi"

Ukiingia maktaba ya mkoa siku za karibu na mitihani ya taifa, utaona kwa nini watu wanasema hivi. Viti vimejaa vijana na madaftari yao, na mtu mzima aliyetoka kwenye genge lake anajiona amepotea njia.

Hajapotea. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na ni za umma: za fundi cherehani na muuza mitumba kama zilivyo za mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, Desemba 9, 1967, hakuwa anafungua chumba cha kujisomea mitihani.

Tatizo la wengi ni kutojua pa kuanzia kati ya rafu zote zile. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa namba za mfumo wa Dewey, na mfanyabiashara akizishika chache tu hahangaiki tena. Uhasibu na utunzaji wa hesabu uko 657. Uendeshaji wa biashara, pamoja na masoko, 658. Mwenye kufuga kuku aende 636.5, mwenye shamba la zabibu 634.8, na anayesindika vyakula, iwe unga au mafuta ya kula, 664. Ukishindwa, muulize mkutubi, lakini mpe swali linaloshikika. "Nataka vitabu vya biashara" litakuletea rundo. "Nataka kujua namna ya kukokotoa gharama ya kutengeneza kilo moja ya karanga za kusaga" litakuletea kitabu.

Kuhusu maktaba za vyuo, na Dodoma ina vyuo vingi, kuanzia UDOM na St. John's hadi Chuo cha Mipango na tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), taratibu za kumpokea msomaji wa nje hutofautiana. Uliza mapokezi. Usijikatalie mwenyewe kabla hawajakukatalia wao.

"Duka la jirani linajaa wateja, kwa hiyo soko lipo"

Duka la jirani linakuonyesha kwamba jirani anauza. Haliwezi kukuambia kama wateja waliobaki wanatosha duka la pili, la tatu na la saba, na kwa tabia yetu ya kuigana, la saba halichelewi.

Takwimu za sensa ndizo zinazoweza kukusogeza karibu na jibu. Mwaka 2012 jiji la Dodoma, wakati huo likiwa manispaa, lilikuwa na watu 410,956. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu 765,179. Hilo ni ongezeko la asilimia 86 katika miaka kumi, miaka ambayo serikali ilihamia na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, mwaka 2018. Kwa muuzaji, hata hivyo, jumla ya jiji ni mwanzo tu. Ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinashuka hadi ngazi ya kata, na ofisi hiyo ina makao makuu yake hapa Dodoma. Ripoti unaweza kuzipakua bila malipo kwenye tovuti yake.

Chukua dada anayetaka kuuza unga wa lishe kwa watoto wadogo. Anatazama kata anazoweza kuzihudumia kwa bodaboda, anachukua idadi ya kaya, anaiweka kando ya mgawanyo wa umri. Hapo anapata idadi ya juu kabisa ya wateja anaoweza kuwatarajia. Kisha anajiuliza ni nyumba ngapi kati ya hizo zitanunua paketi moja kwa mwezi, na jibu analiandika dogo, si kubwa. Kama hata jibu dogo linalipa kodi ya fremu, ana cha kuandika kwenye kipengele cha soko. Kama halilipi, amelijua hilo kabla ya kusaini mkopo.

Sensa nayo ina mipaka yake. Ni picha ya Agosti 2022, na mitaa ya Dodoma haijaacha kujengwa tangu hapo. Ndiyo maana baada ya jedwali inabidi mtu atembee.

"Kila kitu kipo kwenye simu"

Dhana hii ndiyo inayowagharimu watu wengi zaidi, na inastahili mfano kamili.

Zabibu ni zao la Dodoma, na kila msimu wa mavuno wapo wanaofikiria kukausha ili wasiuze mbichi kwa bei ya kutupa. Wanafungua simu, wanaona video ya shamba la nchi nyingine: zabibu zimeanikwa juani wiki mbili au tatu, zimekauka, zimefungwa, zimeuzwa. Kazi inaonekana nyepesi.

Mtu aliyesoma sura moja tu ya kitabu cha usindikaji wa matunda ataanza na maji. Zabibu mbichi kwa makadirio ni maji asilimia 80. Zabibu kavu inayohifadhika vizuri hubaki na maji karibu asilimia 15. Kilo 100 za mbichi zina kilo 20 za kitu kisicho maji, na ukikausha hadi kufikia hiyo asilimia 15 unabaki na kilo 23 na nusu hivi. Kwa hiyo kilo moja ya zabibu kavu inakula zaidi ya kilo nne za mbichi. Tuseme umenunua mbichi kwa shilingi 1,500 kilo: malighafi pekee imeshapita shilingi 6,000, hujalipa kibarua, hujanunua kifungashio, hujatoa zile zilizooza. Hesabu hii inaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari, na ndiyo inayoamua kama biashara ipo.

Kisha kuna kalenda. Dodoma huvuna zabibu misimu miwili kwa mwaka, mmoja ukiangukia Februari na Machi, mwingine Agosti na Septemba. Rekodi za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa zinaonyesha mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Weka kalenda hizo mbili pamoja. Mavuno ya Agosti yanakutana na jua kavu la kiangazi, na kuanika kunawezekana. Mavuno ya Februari yanakutana na mawingu na manyunyu, na kuanika nje ni kualika ukungu. Msimu huo utahitaji kaushio lenye paa, au uuze mbichi.

Na lipo la tatu. Aina zinazolimwa sana hapa, Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe, ni zabibu za mvinyo, zina mbegu. Zile kavu ambazo mteja amezizoea dukani, za kutia kwenye keki na pilau, kwa kawaida hazina mbegu. Unaweza kuuza zenye mbegu, lakini umjue mteja wako mapema. Kituo cha utafiti wa zabibu kiko Makutupora, nje kidogo ya mji, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na tasnifu nyingi za kilimo za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, zimewekwa mtandaoni kwa yeyote kusoma.

Utasema tasnifu hizo nazo zinasomeka kwenye simu. Naam. Simu haina kosa, kosa ni kuishia kwenye video ya kwanza. Yapo pia majarida ya kisayansi yanayolipiwa, na mpango wa Research4Life huyafungua kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, bure au kwa ada ndogo. Sehemu yake ya kilimo, AGORA, ilianzishwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2003. Mtu binafsi hawezi kuingia kwa jina lake. Anaingia kupitia maktaba ya taasisi iliyojisajili, na hapo mkutubi anakufaa kuliko kifurushi cha intaneti.

"Vitabu vyenyewe vya zamani, halafu Kiingereza kitupu"

Kitabu cha kodi cha miaka kumi iliyopita kiache rafuni. Viwango hubadilika karibu kila bajeti, kavitafute TRA. Lakini namna ya kutenganisha gharama za kudumu na zinazobadilika, au ya kuandika daftari la mauzo, haijazeeka.

Kuhusu lugha, ripoti za sensa zipo za Kiswahili, na jedwali la bei halihitaji mkalimani. Kwa yaliyobaki, karibu kila familia siku hizi ina mpwa au binamu chuoni. Mpe kurasa tatu, si kitabu kizima, umwambie unatafuta nini.

"Ukishaanza biashara, utafiti umekwisha"

Wanaokua ndio wanaouhitaji zaidi. Anayetaka bidhaa yake ikae kwenye rafu za maduka makubwa anahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ni lazima ajue kiwango cha bidhaa hiyo kinadai nini kabla ya kuchapisha lebo elfu moja. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililopo tangu 1973, kuchukua barua ya utambulisho.

Na anayesaga unga anaishi kwa bei ya mahindi. Wizara ya Viwanda na Biashara hutangaza bei za jumla za mazao ya chakula kwa mikoa, na Benki Kuu huchapisha wastani wake kwenye tathmini ya uchumi ya kila mwezi. Ukikusanya za miaka mitatu unaona mahindi yanavyoshuka baada ya mavuno na yanavyopanda kuelekea miezi ya mvua, na tofauti hiyo inakuambia kama inalipa kukopa Juni ili ujaze ghala. Bei hizo ni za wastani. Kabla ya kununua, panda gari hadi soko la mahindi la Kibaigwa, ongea na madalali, uliza unyevu wa nafaka na ushuru wa gunia, kwa sababu hayo hayamo kwenye jedwali. Mwenye mashine pale Kizota anaweza kuanza mwezi huu kwa safu tatu kwenye daftari: bei iliyotangazwa, bei aliyonunulia yeye, na bei aliyouzia unga.